Lenzi ya milimita 50 mkononi mwa mpaka hina: miaka miwili na Canon EF 50mm f/1.8 STM

Kitufe cha kupigia picha kwenye kamera yangu kina doa la rangi ya chungwa ambalo haliondoki. Nimelisugua kwa ndimu, nikalisugua kwa dawa ya meno, mwisho nikalisamehe. Ni hina. Nilikuwa namalizia mkono wa kushoto wa bibi harusi mmoja hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, jua la saa tatu likapenya dirishani likatua juu ya vidole vyake, na mimi badala ya kunawa kwanza nikaidaka kamera vile vile, hina mbichi mkononi. Picha ilitoka nzuri. Doa nalo likapata makazi.

Natanguliza hayo ili msomaji ajue maoni haya yanatoka kwa nani. Mimi si mpigapicha wa kazi. Kazi yangu ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Naifanya tangu nina miaka kumi na minne, na sasa nina mtoto aliyeipita miaka hiyo. Picha ni raha yangu. Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM imeshaandikwa sana na watu wanaopiga picha makaratasi yenye mistari ili wapime ukali wake kila pembe. Hayo wameyamaliza wao. Mimi nitaieleza kwa kazi niliyoipa, na kazi yenyewe ni moja: mikono ya watu.

Nilianza na simu kama watu wote. Bibi harusi hamtaki mpaka hina kabla hajaona kazi zake, na siku hizi haji mtu nyumbani kuuliza, anataka atumiwe picha. Tatizo ni kwamba hina mara nyingi hupakwa usiku. Wanawake wameshapika, wameshalisha watoto, chumba kimejaa, na taa ni ile balbu nyeupe moja iliyoning'inia kwenye boriti. Ukipiga kwa simu na flashi yake, piko inang'aa kama lami iliyomwagiwa maji, hina inapauka, na ngozi ya mtoto wa watu inageuka unga wa ngano. Mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kazi yako tumeiona kwa macho yetu kwenye harusi ya jirani, ndiyo maana tumekuja. Lakini hizo picha zako zinakufukuzia wateja." Nikacheka pale pale. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kabla sijafika kwenye lenzi lazima nimtaje shangazi yangu, Mungu amrehemu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunza kupiga picha ingawa maishani mwake hakushika kamera. Shangazi alikuwa akichora kwa chelewa, ule uti wa jani la mnazi unaofungiwa ufagio, ameuchonga ncha kwa kisu. Hizi koni za plastiki tunazobana sasa zilimkuta mtu mzima na hakuzipenda, akisema zinatema mate. Usiku hakuwa akipaka akiweza kuepuka. Alikuwa akitandika mkeka mbele ya dirisha la ukumbini, anakaa ubavuni mwa dirisha, na mwenye kupakwa anaweka mkono juu ya mto uliofunikwa leso kuukuu nyeupe. Kazi yangu mimi ilikuwa kukoroga hina na kusogeza mkeka. Jua likihama, mkeka unahama. "Sogea, kichwa chako kinakula mwanga wangu." Nimeambiwa neno hilo mara ngapi sijui. Miaka mingi baadaye kijana mmoja anayepiga video za harusi alinieleza kwa madaha kwamba mwanga wa ubavuni ndio unaotoa umbo la kitu, na kwamba kitambaa cheupe kikiwa chini hurudisha mwanga kwenye vivuli. Nikamwambia ahsante. Nilikuwa nayajua yote hayo, ila kwa jina la mto na leso.

La pili alilonifunza ni kuacha. Mwanafunzi wa hina hujaza mkono mzima, ua juu ya ua, mpaka mtazamaji hajui jicho aliweke wapi. Shangazi alikuwa akigusa katikati ya kiganja changu nilichokuwa najifunzia na kusema, "Hapa usitie kitu." Sababu hakutoa. Ilinichukua muda kuona kwamba ua lile la pembeni lilikuwa linaonekana kwa ajili ya pale palipoachwa. Nikitazama picha zangu sasa, zile ninazozipenda zote zina mahali palipoachwa: ukuta mtupu, leso isiyo na maandishi, kiza cha ndani ya mlango.

Na hina haifutiki. Ikigusa ngozi imeshaandika; ukikosea, unaligeuza kosa liwe jani na kuendelea. Nadhani ndiyo maana kwenye shughuli nzima napiga picha thelathini, arubaini zikizidi, wakati vijana wa harusi wanarudi nyumbani na elfu mbili. Wala sisemi hivyo kwa kujisifu. Wao wamelipwa wasikose kitu, mimi hakuna aliyenilipa.

Turudi kwenye vyombo. Binamu yangu alipopata kazi Doha aliniachia kamera yake, Canon EOS 600D, ya mwaka 2011, megapikseli 18, yenye kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuka kama jani la dirisha. Ilikuja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55mm. Kwa mwanga wa mchana ilinitosha. Usiku ikawa hadithi ile ile ya simu, tofauti yake ni kwamba sasa nabeba mzigo. Yule yule kijana wa video akanitazama nikihangaika, akasema, "Anti, wewe tafuta hamsini tu." Kwanza nilidhani anadai pesa.

Hamsini ya kwanza niliinunua mtandaoni kutoka kwa mtu wa Nairobi ambaye sitamtaja, ikaja kwa basi imefungwa kwenye fulana. Nilipoimulika kwa tochi ya simu nikaona ndani yake uzi mweupe umetambaa kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Shilingi elfu sita zikaenda, na simu yake haikupokewa tena. Ya pili nilikwenda kuiona kwa macho, nikaijaribu kwenye kamera yangu mwenyewe, nikalipa elfu kumi na moja na mia tano. Ndiyo hii.

Ukiipokea mara ya kwanza utadhani boksi liko tupu. Ina gramu 160 hivi. Ilitoka mwaka 2015 kushika nafasi ya f/1.8 II ya mwaka 1990, ile ambayo hata pete yake ya kujifungia kwenye kamera ilikuwa plastiki. Hii imetiwa chuma hapo. Vijipanga vinavyofunga na kufungua tundu lake la kupitishia mwanga vimeongezwa kutoka vitano hadi saba, na faida yake utaiona ukipiga kwenye ukumbi uliopambwa kwa zile taa ndogo ndogo za kamba: kwa ile ya zamani, ukilibana tundu kidogo, taa za nyuma zinatoka na pembe tano kama zimekatwa kwa mkasi, kwa hii zinakaribia kuwa duara.

Sasa mwanga. Tundu la hii linafunguka mpaka f/1.8, na namba hiyo ikiwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi yangu ya kwanza, ukiivuta mpaka 55, tundu lake halizidi f/5.6. Piga hesabu utaona tofauti ni karibu mara kumi. Chumba kile kile, balbu ile ile kwenye boriti, pale nilipokuwa nafungua kamera kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde na kila kidole kinatoka viwili, sasa nafungua kwa moja ya mia. Watu watakwambia ile ya 18-55 ina kitulizi cha mtikisiko na hii haina, na ni kweli. Lakini kitulizi kinatuliza mkono wangu mimi. Hakimtulizi bibi harusi aliyekaa saa tatu bila ruhusa ya kujikuna pua.

Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), milimita 50 zinaona kama milimita 80 za kamera ya sensa kubwa, yaani finyu zaidi, kwa maana kila kitu kinazidishwa kwa 1.6. Hili lishike, ndilo litakaloamua kama lenzi hii ni yako au si yako. Haina kuvuta. Unachotaka kukikuza unakifuata kwa miguu, na ukitaka kingi kiingie unarudi nyuma. Wiki ya kwanza nilikereka. Mkono wa bibi harusi uko pale, mimi nimezoea kuzungusha pete tu, sasa naburura makalio mkekani mbele na nyuma kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Kisha siku moja nikaona kitu. Lenzi hii haikubali kukaribia zaidi ya sentimita 35, ukipima kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kitu. Nikachukua utepe wa fundi cherehani, nikampa binti yangu anipime nikiwa nimeinamia mkono napaka: kutoka jichoni mpaka kwenye ncha ya koni ilikuwa sentimita 36. Yaani nikipaka, jicho langu liko pale pale lenzi hii inapoanzia kuona. Na kwa umbali huo, kwenye kamera yangu, kinachoingia ni kama sentimita kumi kwa saba, ambayo ni kiganja cha mwanamke bila vidole. Kiganja ndicho ninachokitazama kutwa. Tangu siku hiyo sikuona tena haja ya kuvuta. Nakaa ninapokaa siku zote, naweka koni chini, nanawa (nikikumbuka), nainua kamera, na ninachokiona ndani ya kamera ndicho nilichokuwa nakiona dakika moja nyuma.

Kwa ukweli niongeze: ile lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera inakaribia zaidi, sentimita 25, na inakuza kuliko hii. Ukitaka vidole vitatu vijae picha nzima, na una mwanga wa mchana, usinunue kitu, unayo tayari.

Na f/1.8 isikutie wazimu. Kila anayeipata lenzi hii mwezi wa kwanza anapiga kila kitu kwa f/1.8 kwa sababu ya ule ukungu mzuri wa nyuma. Kwa umbali wa sentimita 35, kina cha kile kinachotoka wazi ni kama milimita mbili. Milimita mbili ni unene wa mstari wangu mwenyewe wa hina! Nilikuwa napata kifundo kimoja cha kidole kimetoka kama unaweza kukigusa, na ua zima la juu ya kiganja limeyeyuka. Bibi harusi akiiona anauliza, "Na hili ua nililokaa saa nzima kwa ajili yake liko wapi?" Tena kuna jambo la piko. Sisi huku tunachora mpaka kwa piko nyeusi na kujaza ndani kwa hina nyekundu. Mstari mweusi kabisa juu ya ngozi nyeupe, au karibu na leso nyeupe kwenye jua, ukipigwa kwa f/1.8 unavaa kiuzi cha zambarau upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Ukibana tundu mpaka f/2.8 kinapungua, f/4 sikioni tena. Kwa hiyo mchana, karibu na dirisha, niko f/4, mkono nimeulaza sambamba na kioo cha lenzi ili kiganja chote kiwe mbali sawa. Usiku nashuka f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) naiweka 1600, na naridhika na zile chembechembe zinazoingia kwenye picha. F/1.8 naiweka kwa ajili ya mtu aliyekaa mita moja na zaidi, na hata kwa hiyo mita moja kinachotoka wazi kina chake hakifiki vidole viwili.

Flashi situmii, na ile ya kwenye kamera sijaifungua tangu kamera iwe yangu. Sisemi taa ni haramu. Picha ya harusi ya mama yangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ilipigwa studio kwa Parekh, hapa hapa Mombasa, na ile namna taa ilivyopangwa, kivuli cha pua kilivyotua, nyusi zilivyotokeza, ni kazi ya mtu aliyeijua taa kama ninavyoijua hina. Mimi sijui taa. Najua dirisha. Nyumba zetu hizi za mawe zina kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, na vichochoro ni vyembamba, jua haliingii lenyewe isipokuwa kwa muda mfupi. Linapiga ukuta wa jirani kwanza ndipo linakuja kwetu limeshapoa. Ukikaa dirishani kuanzia saa tatu hadi saa tano una mwanga ambao vijana wananunulia miavuli na stendi.

Rangi nazirekebisha kabla ya kupiga, si baada. Naipiga ile leso nyeupe chini ya mwanga nilionao, naiambia kamera kwamba hii ndiyo nyeupe, basi. Vichujio vya kuing'arisha ngozi siviweki, maana hina juu ya ngozi iliyopaushwa ni uongo mara mbili: si ngozi ya mtu na si hina yangu. Halafu lipo jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Hina ukiibandua tu ni ya chungwa, kama ganda la chenza. Inakolea taratibu, siku moja, siku mbili, mpaka iwe ile nyekundu ya zabibu. Picha nyingi mnazoziona zimepigwa wakati wa kubandua kisha zikakolezwa kwa programu. Mimi nikiweza narudi kesho yake. Nikishindwa, naandika chini ya picha kwamba hii ni ya leo leo.

Nielezee picha moja. Kuna bibi harusi nilimpaka mwaka jana, mikono mpaka viwiko na miguu mpaka chini ya magoti. Alikaa tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika saa tano hina ya mikono ilikuwa inakauka, hawezi kushika kitu, na njaa inamuuma. Dada yake mdogo akaja na sinia: chai ya maziwa, mahamri, mbaazi. Akaanza kumlisha, akimdhihaki, anamsogezea hamri mpaka mdomoni kisha anarudisha nyuma. Bibi harusi anacheka, mikono ameiacha hewani, vidole vimetanuka, hajui aiweke wapi. Nilikuwa nimekaa pale pale nilipokuwa nikipaka. Sikumwambia mtu geuka wala tabasamu. Nilirudi nyuma hatua moja ya makalio, nikapiga tano. Ya tatu ndiyo: mkono wa dada umeshika hamri lililong'atwa, ile mikono miwili iliyochorwa inaelea, na chini yake kidevu tu na meno. Mboni za macho hazimo. Tone la chai limening'inia kwenye ukingo wa kikombe. Nikamwonyesha pale pale kwenye kioo. Akasema, "Hii niachie, zile nne futa." Nikafuta mbele yake.

Hilo la kufuta ni sheria yangu, na nalitaja kwa sababu ni sehemu ya maoni juu ya chombo. Siku ya kupamba, simu za wageni hukusanywa mlangoni. Wanawake wako vichwa wazi, wamejipamba, wamejiachia. Mimi naingia na kamera kubwa kwa sababu tu ninajulikana ni mpaka hina na mkataba wangu ni mikono. Lenzi isiyovuta inanisaidia hapa kuliko mtu anavyodhani. Kila aliye chumbani anajua kwamba nikiwa mbali siwezi kumvuta. Ili nikupige lazima nije nikae mbele yako, unione, na uwe na muda wa kusema hapana. Kioo cha 600D kinachogeuka nacho nakielekeza kwa mwenyewe aone ninachokiona.

Nje ya nyumba ni mambo mengine. Mtu akinunua lenzi hii akiwa na kamera kama yangu kwa ajili ya milango yetu ya nakshi, atalia. Kichochoro cha upana wa mita tatu, umeegemea ukuta wa huku, umesimamisha kamera wima, kitakachoingia ni mita moja na robo hivi ya kimo. Mlango hauingii. Unapata kufuli, unapata ua moja la nakshi, unapata msumari wa shaba. Mwanzo nilinung'unika, sasa nimezoea kwamba Mji wa Kale nitaupata kwa vipande: mkono wa mzee anayeshona kofia ya vito, vidole vya mvuvi kwenye nyavu. Muuza kahawa mmoja karibu na Ngomeni, pale Fort Jesus, nilimsalimia, nikamwambia, "Babu, nakuomba nipige mikono yako na dele hilo la kahawa." Akanitazama sana. "Mikono tu? Na uso wangu umekukosea nini?" Ikabidi nirudi nyuma mpaka barabarani, bodaboda ananipigia honi, ndipo uso na dele vikaingia pamoja. Picha nilimpelekea, ameibandika kwenye sanduku lake la vikombe.

Vipengele vidogo, haraka haraka. Mota yake ya kutafuta uwazi, ndiyo hiyo STM ya kwenye jina, ni ya kimya kuliko nilivyotarajia, ila sauti ipo, na ukirekodi video ukumbini penye kimya itasikika. Gizani inasitasita, inakwenda mbele, inarudi nyuma. Sehemu ya lawama ni ya kamera yangu, ambayo ina nukta tisa tu za kutafutia uwazi na ya katikati ndiyo ya kutegemewa. Naielekeza pale piko inapokutana na ngozi, inashika mara moja. Pete ya kuzungusha kwa mkono haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, kwa sababu inaendeshwa kwa umeme, usidhani imeharibika. Na ukipiga kitu cha karibu, pua ya lenzi inatoka nje kidogo. Ukizima kamera hapo hapo inabaki imetoka, na pua hiyo ndiyo inayopata pigo ikigongwa. Zoea kuielekeza mbali, iingie ndani, ndipo uzime. Kifuniko cha kuzuia jua hakiji nayo, kinanunuliwa kando. Mimi natumia kiganja.

Unyevu ndio adui mkubwa wa pwani. Mtu wa Nairobi pengine anaweza kuweka lenzi kabatini akaisahau, ingawa ile yangu ya kwanza ilitoka huko huko na kuvu. Hapa, ukiisahau msimu mmoja wa masika, utafungua ukute ile mizizi niliyoikuta mimi. Yangu inakaa kwenye kopo la plastiki la vyakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nimewaambia jamaa wote wasivitupe. Shemeji yangu aliniletea kumi na saba Idi iliyopita, nikafurahi kuliko angeniletea leso.

Kama una mtoto mchanga, kama unapika na unataka kuuza chakula chako kwa picha, kama unashona, unasuka, unachonga, kama kitu unachokipenda kiko umbali wa mkono wako, lenzi hii itakufaa na sijaona ya bei hii inayoikaribia. Kama unataka ukumbi mzima na wageni mia mbili, au mlango na nyumba yake, baki na ile iliyokuja na kamera, au tafuta ya 24mm. Kununua iliyotumika si kosa, lakini nenda na tochi na kamera yako. Mulika kutoka nyuma ukitazama mbele, kisha kutoka mbele ukitazama nyuma. Zungusha pete kamera ikiwa imewashwa, usikie kama kuna mchanga. Piga picha ukuta mweupe kwa f/16 uangalie madoa, ila jua kwamba madoa mengine ni ya sensa yako mwenyewe. Na hakikisha mfuniko wa mbele ni wake, wa milimita 49. Mimi niliopewa ni wa lenzi nyingine, nikaona haya kurudi kudai kitu kidogo hivyo baada ya kupatana bei. Nimeutoboa, nimeufunga kwa uzi wa leso kwenye mkanda wa kamera, na kila nikiinama kupaka unadondokea kwenye bakuli la hina.